Anzeni kwa kumwomba maji

Bagamoyo, Kwaresima

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeuliza jumuiya yenu ya hapo Tanga iwapokee vipi wavuvi wa dago, wanaohamia kambi za muda kuvua, na wake zao. Mwaka huu ni Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kwa hiyo Jumapili ya tatu ya Kwaresima inasomwa Yohana sura ya 4, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, na jibu limo humo.

Someni aya 1 hadi 42, msikate. Gawaneni sauti: msimulizi, Yesu, mwanamke, wanafunzi. Ni dakika sita au saba tu. Pale penye "yapata saa sita" hapahitaji maelezo, maana saa za Biblia huhesabiwa tangu macheo kama zetu, na mtu wa pwani analijua jua la saa hiyo.

Angalieni nani anaomba kwanza. Mwenye maji ya uzima ndiye anayesema, "Nipe maji ninywe," tena kwa Msamaria, ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Hapa ndipo jumuiya nyingi hukosea. Mgeni husimamishwa ajitambulishe, hupigiwa makofi, hupewa soda, basi. Hakuna anayemhitaji, na wiki ya pili haji. Mwombeni kitu alicho nacho: asome aya, aanzishe wimbo wa kwao, awafundishe vijana kushona nyavu. Cheti cha ubatizo na michango vina wakati wake, si siku ya kwanza.

Atakayefafanua asikwame kwenye waume watano aliokuwa nao mwanamke huyo. Injili haimwiti mwanamke yule malaya, na huenda alifiwa au aliachwa. Maneno "usitende dhambi tena" yako sura ya 8, kwa mwanamke mwingine. Watu huyachanganya kila mwaka. Huyu wa kisimani anauliza swali zito: tuabudu katika mlima huu au Yerusalemu? Kiu ya roho mara nyingi huja na sura ya ubishi. Mgeni akiuliza kwa ukali kwa nini mnafanya hivi na si vile, msimnyamazishe. Yesu alimjibu kwa kina, naye akauacha mtungi kisimani akaenda kuwaita watu wa mji wake.

Wapo watakaonung'unika kwamba wa dago ni wapita njia. Wakumbusheni Bagamoyo: misheni ilipoanza mwaka 1868, waliojenga jumuiya ya mwanzo hapa walikuwa watu waliokombolewa utumwani, mbali na kwao. Na huko Sikari, mji wa yule mwanamke, Yesu mwenyewe alikaa siku mbili tu, lakini wengi wakaamini.

Kuhusu siku, msipange kwa kalenda ya ofisini. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti samaki, nao hupumzika. Waalikeni siku hizo, na saa wapange wao.

Wasalimie wote nyumbani.

Dada yako katika Kristo