DRC, RDC au Kongo tupu?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna gazeti lako linavyofupisha jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika ukurasa mmoja msomaji hukuta DRC kwenye kichwa cha habari, RDC chini ya picha, na "Kongo" tupu ndani ya habari yenyewe, kana kwamba hakuna Kongo nyingine ng'ambo ya mto.

Ipo. Nchi hizo mbili zilipopata uhuru mwaka 1960, moja kutoka kwa Ubelgiji na nyingine kutoka kwa Ufaransa, zote zilijiita Jamhuri ya Kongo, hata ikabidi watu wazitofautishe kwa miji mikuu yao: Kongo-Léopoldville (mji huo sasa ni Kinshasa) na Kongo-Brazzaville. Neno "Kidemokrasia" liliongezwa na upande wa Léopoldville mwaka 1964, likaondoka mwaka 1971 Mobutu alipoiita nchi Zaire, likarejea mwaka 1997 alipong'olewa madarakani. Kwa hiyo herufi D si pambo (wanaoidhihaki demokrasia yenyewe wana hoja yao, lakini si ya barua hii). Ndiyo inayomjulisha msomaji ni Kongo ipi inayozungumzwa.

DRC na RDC ni kitu kimoja. Cha kwanza kimetokana na Kiingereza, cha pili na Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi hiyo, na ndiyo maana msomaji wa Bukavu au Lubumbashi amezoea RDC.

Kurasa za michezo ndizo zenye mtego mkubwa zaidi. Katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015, mjini Bata, majirani hao walikutana, na kwa vifupisho vya FIFA matokeo yakawa CGO 2, COD 4. COD ni Kinshasa na CGO ni Brazzaville, kwa hiyo mwandishi anayekisia angeweza kumpa ushindi aliyefungwa. Lakini CGO hiyohiyo ikibandikwa nyuma ya gari kama alama ya kimataifa ya nchi, gari hilo ni la Kinshasa. La Brazzaville hubeba RCB.

Ninachoomba ni jina kamili liandikwe linapotajwa mara ya kwanza, kisha DRC itumike hadi mwisho wa habari, na jirani yake aitwe Kongo-Brazzaville kila mahali. Wapo wanaopendekeza JKK ili kifupisho kifuate Kiswahili, na kwa upande wa lugha siwapingi, ila kifupisho humfaa anayekifahamu tayari, na wasomaji wengi wamekwisha kuizoea DRC. Penye nukuu ya hati iliyoandikwa RDC, iachwe ilivyo. "Kongo" peke yake itumike pale tu habari inapohusu mto au bonde lake.

Msomaji wako