Kabla ya kulipia gesti, angalia mwezi

Tabora,
Februari.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku ni wazima, mvua haitaki kutuachia. Barua yako kutoka Kigoma, ya kuniuliza juu ya likizo yenu ya Unguja mwezi wa Mei, imefika, pamoja na ile picha ya ufukwe wa Jambiani uliyonitumia kwenye simu. Nakujibu bila kuzunguka: Unguja nendeni, lakini Mei siyo, na hiyo gesti usiilipie mpaka umalize kusoma hapa.

Mei umeichagua kwa hesabu ya kwetu. Kigoma na Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba, Aprili ikiisha nao unaaga, kwa hiyo mtu akiona Mei anaona kiangazi. Pwani wana misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Masika ndiyo mvua yenyewe. Mei huko bado inamwaga, hoteli nyingine zinafunga milango zipakwe rangi, na hata kufika Dar ni mashaka, maana kile kipande cha reli kati ya Gulwe na Kilosa kinafuata mto. Maji yakizidi yanakula tuta na treni zinasimama. Halafu watoto wenyewe Mei wako darasani. Nendeni Juni wakifunga shule.

Juni ni kusi. Upepo unatoka kusini, mvua imekatika, jua linavumilika, usiku kaubaridi kidogo. Ubaya wake ni kwamba bahari inachafuka, na mashariki ya kisiwa, ambako ndiko Jambiani, upepo unakupiga usoni. Mtu anayetaka maji yametulia na hana watoto wa shule ningemwambia aende Februari. Nyinyi hamna nafasi hiyo, basi tuichukue Juni kama ilivyo.

Sasa hiyo picha. Imepigwa maji yakiwa yamejaa. Mpiga picha angerudi palepale saa sita baadaye angekuta mchanga mtupu, mashua zimelala ubavu, na bahari ni mstari mweupe unaovunjika kule kwenye mwamba. Ziwa Tanganyika halina mambo hayo. Ukilala Kibirizi maji yako pale, ukiamka yako pale. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na mashariki ya Unguja chini ni tambarare, kwa hiyo yakitoka yanatoka kweli, kilomita nzima na ushee. Watu wanalipia chumba kinachotazama bahari, wanatoka saa nne asubuhi na taulo begani, bahari haipo. Wanagombana na mhudumu wa hoteli bure. Wamekuja siku za bamvua, basi.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti yake inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali. Wewe wa Kigoma unaweza kulijua hili ukiwa nyumbani. Ukiona mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni Katonga kwa sababu ya mbalamwezi, jua pwani ni bamvua. Giza likiwa totoro na karabai zimejaa ziwani, ni bamvua ya pili. Katikati ya hizo mbili ndipo maji mafu yanapoingia.

Saa zake nazo zinajulikana. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, Ujiji hazikosekani, maana tarehe hizo zinafuata mwezi. Mkifika Jambiani tarehe 7 ya mwezi wa Kiislamu na kuondoka tarehe 11, mtakuwa ndani ya maji mafu: siku ya kwanza yanajaa asubuhi, kwenye saa tatu au nne, na siku ya mwisho kwenye saa saba mchana. Yaani watoto wana maji mchana, muda ule wanaoutaka, na hata yakipwa hayakimbii sana. Dirisha la pili ni tarehe 22 hadi 26. Angalia lipi linaangukia likizo, kisha thibitisha na mwenye gesti. Muulize hivi: "Tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Wa pwani atakujibu papo hapo, na wengi wana jedwali la maji limebandikwa ukutani. Akikuambia "bahari ipo muda wote", tafuta gesti nyingine.

Kama hamwezi kabisa kupata tarehe hizo, achaneni na mashariki, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini. Pale chini ni pa kina, mtu anaogelea karibu saa zote, na Kendwa inajikinga na kusi. Ila bei iko juu na kelele za muziki zipo. Kwa familia mimi naipenda zaidi Jambiani, ni kijiji cha watu na mtapata chakula cha bei ya kawaida. Hasara ya mpango wangu ni moja: kinamama wa mwani hamtawaona vizuri. Kilimo hicho kipo upande huo tangu 1989, na wao wanaingia shambani siku za bamvua, asubuhi, maji yakiwa mbali. Mkiwakuta, msikanyage kamba zao, na picha ombeni kwanza.

Hili linalofuata msomee shemeji kwa sauti, maana najua anaogelea na analijua ziwa lake. Bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Tuseme bamvua ya mita 3.6: saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90 nyingine, kisha yanapoa tena, 60 na 30. Mtu ametembea hadi mwambani, anaokota makombe, saa ya kwanza anaona maji yanamlamba vidole, anacheka. Kumbe nyuma yake kuna mikondo, sehemu zilizo chini kidogo kuliko pale aliposimama, na hiyo ndiyo inayojaa kwanza. Akigeuka, kati yake na ufukwe kuna maji ya kiunoni yanayokwenda kasi, na ana mtoto mkononi. Kwa hiyo mtu anatoka kwenda mwambani maji yakiwa bado yanashuka, na yakianza kugeuka tu anarudi. Asisubiri kuyaona. Na maji yakitoka, yanatokea kwenye mapengo ya mwamba ambayo wavuvi wanayaita milango. Kuogelea karibu na mlango wakati huo ni kujitakia.

Viatu majini ni lazima, hata kwa mtoto anayelia hataki. Raba za plastiki zinazofunga kisigino zinatosha, kandambili inachomoka. Kwenye majani na mawe kuna wadudu weusi wa mviringo, miiba yao mirefu kama ya nungunungu, nayo inavunjikia ndani ya nyayo. Ikitokea, msichokonoe kwa sindano. Mguu uingie kwenye maji ya moto yanayovumilika, miiba iliyojitokeza itolewe kwa kibano taratibu, na kama umeingia kwenye kiungo nendeni kituo cha afya.

Safari yenyewe. Kutoka Kigoma mna ndege au treni. Kwa watu wanne treni inaokoa pesa nyingi. Ya zamani ina daraja la pili kulala, likateni mapema kwa sababu linaisha kwanza, na watoto siku mbili wakiwa wamekaa ni mateso. Ratiba ya treni hiyo ichukue kama makadirio. Tabora ndipo njia ya Mwanza na ya Kigoma zinapokutana, na kusubiriana kunakula saa. Mnaweza kushuka Dodoma mkapanda ya SGR, ile reli mpya, ambayo tangu 2024 inafika Dar kwa saa tatu na nusu hivi, lakini stesheni ya SGR Dodoma si ileile ya mjini. Acheni nafasi ya kuhama na mizigo. Kwa njia yoyote ile, usikate tiketi ya boti ya siku mnayofika Dar. Laleni usiku mmoja. Treni ikichelewa kwa saa nane, mtapoteza usingizi tu, tiketi nne hazitapotea.

Boti ziendazo kasi zinaondokea karibu na Posta, zinachukua kama saa mbili. Pandeni ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujakolea. Tiketi ikatwe dirishani au kwenye programu ya kampuni, si kwa kijana anayewapokea nje ya geti na kuwabebea begi kabla hamjakubaliana. Mtaulizwa vitambulisho wakati wa kukata na wakati wa kupanda: nyinyi wawili NIDA, watoto vyeti vya kuzaliwa, nauli yao ni tofauti. Fikeni saa nzima kabla. Anayeogopa kutapika anywe kidonge cha safari saa moja kabla ya boti, siyo boti ikishaanza kuruka, akae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Asubuhi hiyo chai na mkate mkavu. Maharage ya kukaanga mtakula Unguja. Kanga mbili ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kiyoyozi cha mle ndani hakina huruma. Na mfuko wa rambo usibebe, umepigwa marufuku kote, bara na visiwani. Ile bima ya dola 44 uliyoisikia, iliyoanza Oktoba 2024, ni ya wageni wa nje ya nchi, haiwahusu.

Mkitoka bandarini Malindi mtazungukwa na papasi, wale vijana madalali wa wageni, kila mmoja ana teksi na kaka yake ana hoteli. Semeni "tumeshapokelewa", endeleeni kutembea. Daladala ya Jambiani ni namba 309, rahisi sana, ila kwa watu wanne na mabegi ni kubanana karibu saa mbili. Kwa kwenda kodini gari, mwenye gesti huwa na dereva wake na bei yake unaijua kabla. Kwa kurudi mjini pandeni 309, mizigo itakuwa imepungua.

Gesti muulize mambo haya kwa simu: bei ya Mtanzania ni ipi, maana ya mtandaoni ni ya mgeni, kifungua kinywa kimo ndani, watoto wawili wanalala chumba chenu au wanahesabiwa chumba cha pili, umeme ukikatika kuna nini, maji ya bombani ni ya chumvi au matamu. La mwisho si dogo, nywele za Neema zitakuambia. Fedha taslimu bebeni za kutosha kutoka mjini, na nauli ya kurudi Kigoma iwekwe kwenye laini ya shemeji, isiguswe.

Mjini mje mwishoni, tarehe 11 hadi 14 za Kiislamu. Kwanza mko karibu na boti ya kurudi, pili bamvua inakuwa inaanza, nayo sasa inawafaa. Nakupenda, ule mchanga uliopo baharini mbele ya mji, unajitokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Tarehe 13 yanakupwa kwenye saa tatu asubuhi. Ondokeni mapema, rudini kwa kupitia Changuu kuwaona kobe waliotoka Ushelisheli. Kabla ya kupanda mashua hesabu laifu jaketi, ziwe za watoto pia, si za watu wazima zinazovuka kichwa. Forodhani nendeni baada ya magharibi, urojo mnunue, samaki wa kwenye mishikaki ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni. Mitaani Mji Mkongwe mabega na magoti yafunikwe; nguo za kuogelea zibaki ufukweni.

Mwisho ni homa. Unguja malaria imepungua sana, kwa hiyo daktari wa kule akimwona mtoto ana joto anaweza kufikiria mambo mengine kwanza. Mwambieni mlangoni kabisa: "Tumetoka Kigoma." Atapima malaria palepale. Hata mkisharudi, homa yoyote ipimwe, msiseme ni uchovu wa safari.

Niandikie tarehe za kufunga shule pamoja na tarehe za mwezi zinazoangukia hapo, nami nitakuangalizia treni ya kuwafikisha kwa wakati. Mkipita Tabora, hata kama ni usiku wa manane, nitakuwa stesheni na kidumu cha asali cha mwenyeji wenu Jambiani. Nitakifunga mfuniko kwa utepe wa gundi. Ukiweke kimesimama, chini ya kiti, siyo juu ya nguo.

Msalimie sana mama mkwe.

Wako,
Mama Rehema