Kwa mpwa wangu anayetaka kushika kamera

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia unataka kuacha kazi ya benki ukapige filamu za kusaidia jamii. Amenituma nikukanye. Sikukanyi, ila nina neno kuhusu Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Kenya unayemtaja kila tukikutana.

Wengi wanamkumbuka kwa tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilipoonyesha picha zake za njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Yaliyotangulia hawayataji. Mwezi mmoja tu kabla, serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia, ilikuwa ikisherehekea miaka 10 ya mapinduzi huku ukame na vita vikiwamaliza watu kaskazini. Mwanahabari kupata kibali cha kufika huko ilikuwa shughuli. Lakini Amin hakuwa mgeni wa kazi hii. Alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar mwaka uliofuata, na baadaye akawekwa ndani huko huko visiwani. Waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi mwaka 1969, kamera yake ilikuwapo. Kufikia Korem, alikuwa na miaka 20 ya kujuana na watu.

Picha hizo za Korem zilimgusa mwanamuziki Bob Geldof, ikaja Band Aid, kundi la wanamuziki walioimba kuchangia wenye njaa, kisha tamasha la Live Aid la 13 Julai 1985, London na Philadelphia. Chakula na dawa vilifika, hilo silibishi. Kinachonikera ni kwamba waliolala kwenye baridi ya Korem walikuwa na majina, na dunia haikuyauliza. Msimulizi alikuwa Michael Buerk, Mwingereza. Njaa ilikuwa ya Mhabeshi. Tangu hapo, kila mwenye bakuli la mchango akawa anatafuta mtoto mwenye nzi usoni. (Wewe pia ulinitumia picha ya namna hiyo. Niliifuta.)

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alivaa wa bandia, akarudi kazini. Novemba 1996 akafa katika ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaanguka baharini, pwani ya Ngazidja, visiwa vya Komoro.

Baada yake, mwanawe Salim aliendeleza kazi, na taasisi yenye jina la Amin ikafundisha vijana wa Kiafrika utangazaji na filamu hapo Nairobi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sadaka kubwa kuliko tamasha lolote, maana kijana aliyefunzwa humsimulia jirani yake bila kukalimaniwa.

Sasa nijibu. Huko Turkana unakotaka kwenda, nani atakukalimania? Utakaowapiga picha wataiona filamu lini, na majina yao yataandikwa wapi? Kamera ikiharibika, utakula nini?

Ukiwa na majibu, nitachangia lenzi. Mama yako niachie mimi.

Mjomba wako