Risala ya wanakikundi kwa mgeni rasmi, usiku wa sauti na mashairi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu wa mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi,
Mama zetu, wasanii wenzetu na wageni wote,

Jambo yenu!

Kwa niaba ya wenzangu kumi na wanne, nakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi usiku huu. Karibu sana. Kati yetu wamo wachomeleaji wa vyuma, wanafunzi, fundi wa redio, na mama mmoja muuza samaki ambaye sauti yake ndiyo nguzo ya kikundi.

Mheshimiwa, tunapiga muziki wa kujaribu, na wapo majirani wanaouita kelele. Hatuwalaumu. Tunaomba tu kwanza ukitazame chombo kilicho mbele yako. Ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, likatiwa shingo ya mti na nyuzi nne. Ni karindula, ala ya huku kwetu Katanga. Waliokosa pesa za gitaa waliiunda kwa walichokiona kimetupwa. Sisi tumeongeza kipaza sauti kidogo ndani ya pipa, ili hata ukucha ukiparuza ngozi usikike ukumbi mzima. Mvua ya juzi iliilegeza ngozi hiyo, kwa hiyo tangu saa tisa kijana wetu amekuwa akiipasha moto polepole kwenye babula, jiko letu la makaa, akiigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka ikakaza.

Mshairi wetu naye hatashika karatasi. Atashika ubao. Waluba, kabila la huku kwetu, walikuwa na lukasa, ubao wa shanga ambao watunza kumbukumbu waliupapasa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme na safari za mababu. Ubao wetu tumeupigilia nati na skrubu kuukuu kutoka gereji. Kila nati ni mtu au mtaa, na kidole kinapoenda ndipo wapigaji wanapofuata, ndiyo maana shairi hili halijawahi kusomwa mara mbili kwa namna moja. Iko nati moja kubwa yenye kutu. Hiyo ni babu yake mshairi, aliyemaliza ujana wake mgodini. Akiifikia, ala zote zitanyamaza. Tunakuomba usidhani mitambo imeharibika.

Mji huu una haki ya kujaribu. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa Likasi, mji jirani, mwaka 1952 akiwa na gitaa moja tu, na vidole vyake vikasikilizwa hadi Nairobi. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, leo anasoma mashairi yake Ulaya pamoja na wapiga jazi. Lakini mtoto wa Katuba anayetaka kuanza leo, aanzie wapi?

Hapo ndipo penye shida yetu. Mwezi uliopita tuliahidiwa chumba cha mazoezi. Tukakodi mkokoteni, tukapakia mapipa, tukafika na kukuta kufuli, na mwenye ufunguo hakupatikana mpaka giza likaingia. Mama yetu aliimba palepale mlangoni ili vijana wasikate tamaa. Tumehamahama hivyo muda mrefu: uani kwa mtu, chini ya mwembe, kando ya barabara ambako malori ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanatumeza sauti.

Hatuombi pesa, Mheshimiwa. Tunaomba utusemee tupate ghala moja lililoachwa, hata kama bati zake zinavuja. Bati tutaziba wenyewe, wachomeleaji tunao. Na siku za Jumamosi tutalifungua kwa watoto, wajifunze kuwamba ngozi na kusema shairi bila woga.

Kiti chako tumekiweka karibu na pipa makusudi, kwa sababu mlio wake wa chini unaingia kupitia miguu kabla ya masikio. Babula imezimwa sasa, ngozi iko tayari.

Asante sana.

Ni sisi, wanakikundi.