Mahindi ya chakula cha shuleni yakusanywe Julai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na kamati za shule na serikali za vijiji, hasa huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ambako wakati huu watu wanavuna.

Kila Januari wahisani hujitokeza na sare, mabegi na madaftari kwa watoto wa familia zisizojiweza. Wanafanya jambo jema, lakini mtoto maskini haachi shule Januari. Huanza kukosa siku mojamoja kuelekea Machi, kwa sababu akishinda na njaa mpaka saa tisa alasiri, vipindi vya mwisho haviingii. Ikifika Agosti daftari la Hisabati limejaa, shati limechanika begani, na jina lake limebaki kwenye rejista tu.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka ni ya kuendeshea shule. Sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa vimebaki mikononi mwa mzazi, na hapo kwenye chakula ndipo wanakijiji wanaweza kufanya kubwa kwa gharama ndogo.

Tupige hesabu. Mtoto wa shule ya msingi akipikiwa makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage, kwa siku 194 za masomo anahitaji kilo 19.4 za mahindi na kilo 5.8 za maharage. Hiyo ni debe moja la mahindi na ziada kidogo. Wazazi kumi wenye uwezo wakiongeza kila mmoja kilo mbili za mahindi na gramu 600 za maharage juu ya mchango wao, mtoto wa kumi na moja anakula mwaka mzima. Hili lipitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, na makusanyo yafanyike Julai mahindi yakiwa mengi na bei iko chini. Anayesubiri Januari anamdai mkulima ambaye ghala lake limeshapungua, au analazimika kununua kwa bei iliyokwisha kupanda.

Kuhusu watoto watakaobebwa, wachaguliwe na mwalimu wa darasa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mama mmoja anayezifahamu kaya za pale. Orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni pa kuanzia tu. Kosa la kawaida ni kuandika yatima peke yao: yupo yatima anayelelewa na mjomba mwenye duka, na yupo mwenye wazazi wote wawili ambao mmoja ni mgonjwa wa miaka na mwingine hana shamba. Majina yabaki kwa mwalimu mkuu. Yakisomwa mkutanoni, mtoto anataniwa njia nzima na kesho haji. Na jikoni kusiwe na orodha ya waliolipa na wasiolipa. Kumweka mtoto nyuma ya darasa wenzake wakiwa na sahani mkononi ni ukatili, na ni njia ya haraka kabisa ya kumtoa shuleni.

Mahindi ya Julai huharibika kwa unyevu. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika moja au mbili. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani, maana yakihifadhiwa mabichi yanaota ukungu na kuleta sumukuvu. Yakikauka, yatiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake. Dumuzi, mdudu anayekula mahindi ghalani, hufia humo bila dawa. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya akitoboa tundu moja, mfuko umepoteza kazi yake.

Kinachosahaulika kila mara ni fedha taslimu. Mpishi analipwa, kuni zinanunuliwa, chumvi na mafuta vivyo hivyo. Shule isipotenga hizo mapema, mahindi yanalala stoo na watoto wanashinda njaa.

Sare nazo zipewe fundi wa hapohapo kijijini. Mashati yawe mawili, kwa sababu mwenye moja hulifua usiku na asubuhi likiwa bichi habanduki nyumbani. Sketi na suruali ziachiwe pindo la inchi tatu la kushushia mwakani. Nusu ya madaftari itolewe Januari, nusu Julai, na wasichana wakubwa wapate taulo za kike kila mwezi bila kuomba mbele ya watu.

Mwisho, ubao wa matangazo uonyeshe kila mwezi kilo zilizoingia, zilizopikwa na zilizobaki. Watoto 300 hula kilo 30 za mahindi kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 100 huenda siku tatu na ushee. Stoo ikipungua kwa kasi kuliko hiyo, mpishi na mtunza stoo waulizwe wiki hiyohiyo.

Mdau wa elimu,
Makambako