Bafu lililo chini ya paa la mteremko

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wajenzi kwamba mvuke wa bafu hupanda hadi sehemu ya juu kabisa ya dari na kutuama huko. Feni ya kutoa mvuke ikifungwa chini, karibu na mlango, huvuta hewa kavu ya korido tu huku ukungu ukiota juu.

Ukuta ukikosa nafasi ya feni, uache. Toboa dari upande wa juu, karibu na bomba la mvua, kisha feni yenyewe ikae kati ya dari na paa, iunganishwe kwa bomba la hewa lenye kipenyo cha milimita 100. Zidisha ujazo wa chumba mara 8: bafu la mita za ujazo 11 linataka feni ya mita za ujazo 88 kwa saa. Ongeza kidogo, maana kila kona ya bomba hula nguvu.

Ukiifunga feni kwenye mteremko wenyewe, kagua kilango chake cha kuzuia hewa ya nje isirudi ndani. Vingi hujifunga kwa uzito wake, na vikikaa mshazari hubaki wazi.

Bomba litoke nje kabisa. Kumwaga mvuke chini ya paa ni kuozesha mbao kwa makusudi. Kwenye baridi livikwe sufi na liinamie nje, la sivyo maji yatarudi yakidondoka kwenye feni. Bomba la mikunjo likilegea hushika maji.

Mwisho, acha upenyo wa milimita 10 chini ya mlango. Hewa isipoingia, feni hupiga kelele tu.