Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Wanaobadilishana ardhi wahamishiwe hati zote mbili, au isihamishwe hata moja

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu kutoka Likoni, nakuandikia kuhusu jambo linalowafikisha majirani, na hata watu wa ukoo mmoja, mbele ya jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa: mapatano ya kubadilishana ardhi yaliyovunjika katikati.

Kwetu Pwani mapatano haya hayana ugeni. Chukua mfano wa mtu mwenye shamba la minazi Matuga, ambaye watoto wake wamehamia mjini na hakuna wa kulipalilia. Mwingine amestaafu kazi ya bandari, ana ploti Mikindani, na anatamani kulima. Pesa hawana, lakini kila mmoja anacho anachokitaka mwenzake. Wanaita mashahidi, wanaandikiana, wanapeana mikono. Huyu anaanza kuchimba msingi Mikindani, yule anapanda mihogo Matuga. Hatimiliki zinabaki kwa majina yale yale ya zamani, kwa ahadi kwamba watazibadilisha wakipata nafasi.

Shamba la Matuga ni ardhi ya kilimo, kwa hiyo liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ya mwaka 1967. Sheria hiyo inataja kubadilishana waziwazi, pamoja na kuuza na kukodisha: bila idhini ya bodi ya ardhi, mapatano ni batili, na ombi la idhini linatakiwa lifikishwe ndani ya miezi 6 tangu watu walipokubaliana. Ploti ya mjini kwa kawaida haihitaji idhini hiyo. Mapatano ni mamoja, masharti ni tofauti kila upande, na miezi 6 inakwisha watu wakiwa bado wanabeba kokoto. Hakuna aliyewaambia.

Kisha bei za ploti zinapanda, au mmoja anafariki na warithi wanasema hawana habari na makubaliano yoyote. Wa upande mmoja anasema, "Nirudishie changu." Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinasema kilichotolewa katika mapatano yaliyobatilika kinadaiwa kama deni. Katika mauziano hesabu ni nyepesi: ulitoa laki nane, unadai laki nane. Aliyetoa shamba adai nini? Nyumba aliyoijenga kwenye ploti ya mwenzake? Minazi iliyokatwa nyuma yake? Hapa ndipo kesi zinapokwama.

Mahakama zimejitahidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba aliyekabidhiwa ardhi na kuiendeleza anaweza kulindwa hata kama idhini ya bodi haikupatikana, kwa kuwa mwenye hati anahesabiwa kuwa ameishika ardhi hiyo kwa amana, yaani kwa niaba ya mwenzake. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ya Juu nayo ikasema msingi huo wa amana unaweza kutumika katika mapatano ya ardhi. Nashukuru kwa hilo. Lakini kinga inayopatikana baada ya kulipa wakili kwa miaka haimfikii mzee wa Mtongwe anayeishi kwa kuuza madafu.

Linaloniuma zaidi ni pale hati moja inapohamishwa na ya pili isihamishwe. Aliyetangulia kutimiza ahadi ndiye anayebaki mikono mitupu. Mwenzake sasa ana hati mbili kwa jina lake, na anaweza kuuza mojawapo au kuiweka rehani benki kabla ya aliyedhulumiwa kufika mahakamani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe, Mheshimiwa, liko mikononi mwa wizara yako.

Naomba basi sajili za ardhi zipokee kubadilishana kama ombi moja, lenye namba za ardhi zote mbili, na msajili aingize mabadiliko yote kwa siku moja au asiingize lolote. Kanuni za usajili za 2017 zilitoka wizarani kwako, na zinaweza kuongezewa sharti hilo. Hadi siku ya uhamisho, kila upande uwekewe zuio kwenye daftari ili mwingine asiuze. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 tayari kinamruhusu mwenye dai la mkataba kuomba zuio hilo. Wanaolijua ni mawakili, na wanaolihitaji hawajawahi kulisikia.

Kuna na la Mombasa peke yake. Katika mji huu wa nyumba bila ardhi, mtu anaweza kutoa ploti yenye hati akapewa nyumba iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Tena kuna hati ambazo bado ziko kwa jina la babu aliyekufa, mirathi haijafunguliwa, na mjukuu anaibadilisha kama yake. Msajili au bodi waulize hayo mapema, pamoja na ridhaa ya mke au mume, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Maelezo ya yote haya yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, yabandikwe kwenye afisi za machifu Mombasa, Kwale na Kilifi. Nangoja jibu lako, nalo lije hadharani.

Wako mwananchi,
Mkaazi wa Likoni, Mombasa